Chumvi Haikauki

Ugonjwa wenyewe ulikuja na sura ya chumvi:
chembe nyeupe juu ya mapezi ya neoni,
kama kwamba mtu kawanyunyizia kwa vidole
kabla ya kuwatia kikaangoni.
Baba akasogeza miwani, akatazama sana.
"Dawa ya chumvi ni chumvi," akasema.

Baba yangu, Zenobiusz, miaka ishirini na saba
alishuka kila alfajiri chini ya mji wa Bochnia
kuchonga mwamba unaolambika.
Amekula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili,
na sasa daktari wa moyo amempiga marufuku:
supu ya viazi bila chumvi, yai bila chumvi,
tango la siki, hata kulinusa, hapana.
Tangu Februari anakula
kama mtu anayetafuna barua.

Ndiyo maana, nadhani, aliposhika kijiko
mkono wake haukutetemeka.

Tangi ni lake. Bustani iliyomo ni yangu.
Lita mia moja na kumi na mbili kando ya dirisha;
kila mzizi niliuchomeka kwa koleo ndogo,
nimejikunja kiunoni, maji yakinifika kwapani.
Nikamwambia: mimea hii haijui bahari.
Nikamwambia: watoe wagonjwa, uwatie ndoo ya kando,
chumvi iwe huko huko, kwa kipimo, kwa saa.
Akasema, "Unatia chumvi."
Nikasema, "Wewe ndiye unayetaka kutia."
Tukacheka. Nyumba yetu ni ya kambare:
baba ana sharubu, binti naye ana sharubu.

Nikaenda kulala. Akamimina.

Vijiko sita, alikiri baadaye.
Mimi nahesabu kumi, maana mfuko niliununua mwenyewe
dukani kwa Bi Halszka, na uzito wake naujua.
Na joto akalipandisha hadi thelathini.

Siku ya nne, na hapa sitii chumvi hata punje,
ule mmea wa manyoya, mithili ya brashi ya chupa,
ulipukutisha sindano zote, ukabaki uzi.
Nyasi fupi za mbele ziligeuka rangi ya chai.
Majani ya yungiyungi yalilainika kama kabichi ya jana,
ukiyagusa yanakufuata kidoleni.
Na yule kambare mdogo, asiye na magamba,
ambaye kila neno la maji humfikia ngozini,
akalala ubavu akihema
kama mzee aliyefika ghorofa ya nne.
Tulimzika kwenye chungu cha maua.

Neoni? Walipona.
Lazima niseme na hilo.
Walipona wote isipokuwa wawili,
wakawa wanapita na mstari wao wa buluu
katikati ya magofu, hawana habari.

Sasa nabadilisha maji, ndoo baada ya ndoo, kila jioni.
Maji hupaa yenyewe, yakaenda zake dirishani,
lakini chumvi haikauki, haichoki, haihami.
Ukijaziliza palipopungua umeiacha palepale.
Sharti uichote, uibebe, uimwage,
na pamoja nayo umwage mengine uliyoyapenda.

Baba huketi kwenye kigoda, anachovya kidole,
anakiweka ulimini na kufumba macho.
Namwangalia. "Hii si kula," asema. "Hii ni kupima."
Anangoja, kama anayesikiliza nyundo
upande wa pili wa ukuta.
"Bado," asema.
Ndoo ya pili.
"Bado ipo."

Kipimo changu cha betri kimesema tosha
tangu Jumanne. Sijamwambia.
Kwenye shina la yungiyungi kuna kitu chekundu,
kimejikunja, kidogo kuliko ukucha;
huenda ni jani, huenda ni kuoza.
Leo amechovya kidole mara tatu.
Nikaenda kuleta ndoo nyingine.